Daraja la Ulipolala

Kitu cha kwanza alichokiona Somoe asubuhi ile ni kuku wao mweupe, aliyekuwa na ubawa mmoja mwekundu. Alidhani kaumia. Akamshika, akampangusa kwa kidole. Haikuwa damu. Ilikuwa rangi, tena mbichi, inanuka kama milango ya ofisi za serikali. Somoe akazunguka nyuma ya jiko, na pale ukutani, mahali kuku yule anapopenda kujikuna, akaikuta alama ya X, kubwa, nyekundu, bado inachuruzika.

Mtu mwingine angepiga kelele, lakini Somoe hakuwa na kelele. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa ambaye kijiji kizima kilisema amemeza ulimi. Akisalimiwa alijibu kwa macho, na akitumwa chumvi kwa jirani alisimama mlangoni na kibakuli mpaka jirani ajiongeze mwenyewe. Basi akamshika mama yake mkono, akampeleka nyuma ya jiko, akamwonyesha kuku, kisha ukuta.

Mama yake, Bi Havijawa, alikuwa wa udongo mwingine.

"Nani kaniandikia nyumba yangu?" alipaza sauti hadi mbuzi waliolala chini ya daraja wakainuka. "Kama ni mchumba wa Somoe, aje kwa mlango wa mbele!"

Daraja lenyewe lilikuwa juu ya vichwa vyao. Lilikuwa refu, jeupe, lenye kimo cha minazi miwili, na lilianzia kwenye kilima upande huu likaishia kwenye kilima upande ule. Kati ya vilima hivyo hapakuwa na tone la maji. Palikuwa na nyumba za makuti, migomba, matuta ya viazi vitamu, na jiko la Bi Havijawa. Wanakijiji hawakuuliza. Serikali ikikujengea kivuli bila wewe kuomba, unaingia chini yake na kushukuru.

Tusimulie basi lilifikaje.

Nchi yenyewe jina lake limetuponyoka, na hata tukilikumbuka hatutalitaja, maana ni nchi yenye masikio mengi kuliko vinywa. Ndani yake kuna Jimbo la Luhama. Mkuu wa Jimbo hilo, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Magoma Fungameza, alikuwa akilieleza hivi kwa kila mgeni: "Jimbo letu kaskazini limepakana na jimbo jingine. Kusini limepakana na jimbo jingine vilevile. Mashariki jua linachomoza kwa idhini ya ofisi yangu. Magharibi linazama bila idhini, na jambo hilo tunalifuatilia."

Katikati ya jimbo umepita Mto Luhama, ambao una tabia moja: unahama. Masika ikiwa nzito, mto unaamka, unajinyoosha, unakwenda kulala kwingine. Watu wa kando yake hawaulaumu. Wanahamia kwenye udongo ulioachwa, udongo mweusi, mnene, unaootesha hata mpini wa jembe. Ndivyo kilivyozaliwa kijiji cha akina Somoe, nacho kikaitwa Ulipolala, maana ndipo mto ulipolala zamani. Miaka mingi baadaye ulihama tena, ukaja kupita kati ya kijiji na shule. Somoe alikuwa darasa la nne. Kesho yake shule ilikuwa ng'ambo, na masomo yake yakaishia hapo.

Neno hilo, ng'ambo, ndilo lililoendesha serikali ya jimbo.

Katika kanuni za nchi ile iliandikwa kwamba mtumishi akisafiri ng'ambo atalipwa posho ya ng'ambo. Walioandika kanuni walikuwa na maana ya nchi za nje, ughaibuni huko, kuvuka bahari. Lakini hawakusema kuvuka nini. Watumishi wa Luhama walisoma, wakatazamana, wakautazama mto. Kuanzia siku hiyo kila aliyepanda mtumbwi kwenda upande wa pili alikuwa amekwenda ng'ambo.

Mambo yalifanywa kwa heshima zake. Afisa Kilimo akienda ng'ambo kukagua mihogo, mkewe alimsindikiza hadi gatini akilia, watoto wakipunga leso. Yeye aliingia mtumbwini na sanduku, amevaa sweta zito, kwa kuwa ng'ambo kuna baridi. Katikati ya mto alirudisha saa yake nyuma. Jioni alirejea na ndizi zilezile zinazoota upande huu, akizigawa kwa majirani na kusema kwa sauti ya puani, "Wenzetu wa ng'ambo wametuacha mbali." Wakubwa walioumwa walipelekwa kutibiwa ng'ambo, kwenye zahanati ya muuguzi mmoja, ambaye alikuwa akikaa upande huu na kuvuka kila asubuhi kuwawahi wagonjwa aliowaacha nyumbani.

Mwananchi wa kawaida akitaka kuvuka aliulizwa pasipoti.

Hayo yalikuwa yakienda vizuri, mpaka Rais mwenyewe alipokuja kuomba kura akaahidi daraja. Jimbo zima lilishangilia, isipokuwa ofisini kwa Mkuu. Mheshimiwa Fungameza aliwaita watu wake, akafunga mlango.

"Ndugu zangu," alisema, "tukijenga daraja juu ya mto, ng'ambo itakuwa wapi?"

"Pale tu, mheshimiwa," alijibu Afisa Kilimo.

"Na anayekwenda 'pale tu' analipwa nini?"

 Afisa Kilimo alivua sweta akalishika mapajani kama mtu aliyefiwa.

Ndipo akatumwa Injinia kutafuta mahali panapofaa. Injinia yule alizunguka wiki nzima, akafika kijijini kwa akina Somoe, akamkuta Bi Havijawa analima matuta.

"Mama, mto uko wapi?"

"Mto, mwanangu? Hapa hapa ndipo ulipolala."

Injinia alivua kofia, akanyata. "Bado umelala?" alinong'ona.

Bi Havijawa alimtazama, akadhani ni jua. "Nenda ukanywe maji, baba," alimwambia kwa huruma, na Injinia akalipokea jibu hilo kuwa ushahidi kwamba maji yapo.

Alipoleta taarifa, Mheshimiwa Fungameza alisimama kitini kwa furaha. "Mto uliolala si mto uliohama!" alisema. "Mtu anajulikana pale anapolala. Waulizeni wake zenu. Kama mto umelala Ulipolala, basi kwao ni Ulipolala, na huko kwingine unakoonekana mchana ni utoro kazini." Alikwenda mwenyewe kwenye ukingo wa mto, akausomea onyo kwa kipaza sauti: "Wewe mto, unatakiwa kuripoti kituo chako mara moja!" Mto ulifanya unavyofanya siku zote. Ukapita.

Daraja likajengwa juu ya kijiji. Ng'ambo ikabaki ng'ambo. Afisa Kilimo akavaa sweta lake.

*

Sasa turudi kwenye X.

Bi Havijawa alimfuata mtendaji wa kijiji, Bwana Mkwinda, akamkuta anapaka X nyingine kwenye banda la jirani. Somoe alikuwa nyuma ya mama yake, amemkumbatia kuku.

"Mkwinda, umenichafulia kuku."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenichafulia kuku, umenichafulia na ukuta. Kuna nini?"

"Mama, usinione mbaya," alisema Mkwinda, akificha brashi nyuma. "Rais anakuja kufungua daraja Jumamosi. Akishalifungua, hapa panakuwa mto kisheria. Na sheria inasema nyumba haiwezi kukaa ndani ya mto. Ni hatari. Mtazama."

"Nyumba yangu iko majini?"

"Kilindini kabisa, mama."

"Mbona sijalowa?"

"Hilo ndilo serikali inalolichunguza."

Bi Havijawa alikaa chini kwenye tuta. Somoe hakuwahi kumwona mama yake akikaa chini katikati ya maneno. Nyumba ile aliikandika mwenyewe, udongo wa mikono yake, mwaka alioachika, na Somoe alikuwa akimchotea maji kwa kopo. Alama za vidole vya mama zilikuwa bado ukutani, na chini yake, ndogo, alama za Somoe.

"Na sisi tutakwenda wapi?" aliuliza Bi Havijawa, sasa kwa sauti ya chini.

"Mtahamishiwa ukingoni."

"Ukingo upi?"

"Bado haujapangwa. Kwa sasa, kwa kuwa mnakaa majini, mmehamishiwa Idara ya Samaki. Ila kuna nafasi moja, mama." Mkwinda alitazama huku na huku. "Rais akifika lazima auone mto. Mto wenyewe umeonywa na haukuja. Mheshimiwa ameamua wanakijiji muwe mto. Mkikaa vizuri, mkatulia kama maji yenye adabu, kesho yake Mheshimiwa ataziongezea nyumba muda. Akitokea mmoja wa kuuharibu mto, tingatinga limeshawekwa mafuta."

Somoe alitaka kusema neno. Lilifika kooni, likajikunja, likarudi. Akambana kuku kifuani hadi kuku akalalamika kwa niaba yake.

*

Majora ya kitambaa cha buluu yaliletwa kwa lori, na mazoezi yakaanza siku hiyohiyo. Wanawake waliyaunga kwa sindano mpaka yakawa kitambaa kimoja kirefu kama njia ya kwenda mjini. Kilifunika migomba, kikafunika mapaa, kikafunika banda la mbuzi, ambao walikila upande wa kaskazini na kuuacha mto na kijito kisichokuwamo kwenye mipango.

Mkwinda aligawa kazi. "Wenye nguvu ni mawimbi. Ingieni chini ya kitambaa, inueni, shusheni, inueni, shusheni. Wazee ni kingo. Kaeni mkitazamana, na asisogee mtu. Bi Havijawa, wewe kiboko."

"Kiboko!" Bi Havijawa alishika kiuno. "Mkwinda, mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa, ukanikojolea hapa. Leo mimi kiboko?"

"Si mimi, mama. Ni Mheshimiwa. Amesema una sauti."

"Hebu mwambie Mheshimiwa, kiboko akikasirika hupindua mitumbwi."

Vicheko vilitoka chini ya maji. Mkwinda akaharakisha. "Na Somoe hasemi. Maji ya kilindi hayana kelele. Somoe atakuwa kilindi."

Kilindi kilipangwa katikati ya daraja, chini kabisa, mbele ya jiko lao. Kazi ya Somoe ilikuwa kukaa amejifunika gubigubi na kuwa na kina. Asitikisike, asikohoe, asionekane. Jambo hilo aliliweza kuliko mtu yeyote kijijini. Kwa kweli alikuwa amelifanyia mazoezi maisha yake yote.

Ijumaa Mheshimiwa Fungameza alikuja mwenyewe kukagua. Alisimama juu ya daraja na kipaza sauti, tumbo likitangulia.

"Mto gani huu unaocheka? Wewe wimbi la kulia, vua kandambili! Mkondo unatoka wapi kwenda wapi? Mbona nusu yenu mnakwenda juu? Nyinyi ukingo, nani amewaruhusu kutafuna tambuu?"

Kisha akatazama katikati, akaridhika. "Lakini kile kilindi," alisema, "kile kilindi ni cha kitaifa. Nikikitazama nasikia kizunguzungu. Kiongezewe kitambaa."

Usiku ule, sahani zikiwa zimekoshwa, Bi Havijawa alimwambia binti yake, "Kesho tukae kimya, mwanangu. Na mimi nitajizuia. Tukiupata huo muda, tutavuna hata viazi." Somoe aliitika kwa kichwa.

*

Rais alifika Jumamosi jua likiwa utosini, na msafara mrefu, bendi, na miwani ya jua ambayo hakuivua tangu siku alipoapishwa. Ndiyo maana kwake nchi nzima ilikuwa na kivuli kizuri. Alitembea hadi katikati ya daraja, akashika ukingo wa chuma, akatazama chini.

Mkwinda alipuliza filimbi. Mawimbi yakainuka, yakashuka. Kitambaa kilipepea kwa upepo, buluu juu ya buluu, mpaka hata wazee waliokuwa kingo walijivuta miguu wasilowe. Bi Havijawa alitoa kichwa, akapuliza pua kwa kishindo, akazama tena.

"Kiboko!" alisema Rais, na sauti yake ikatetemeka. "Fungameza, mto huu ni mzuri."

"Umekuwa ukikungoja, Mtukufu."

"Una kina gani hapa?"

"Hapa, Mtukufu, hakuna aliyefika chini akarudi."

 Halafu Rais akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Akavua koti.

"Mimi nimekulia mtoni, Fungameza. Nilipokuwa kijana, kijijini kwetu, sikushuka darajani kwa miguu hata siku moja. Niliruka. Na leo wananchi wangu wataniona."

Bendi iliacha kupiga, tarumbeta moja ikachelewa kunyamaza. Mheshimiwa Fungameza alitokwa jasho hata mahali ambapo hakujua kuwa anaweza kutokwa jasho.

"Mtukufu, maji yana baridi."

"Baridi ni ya wazee."

"Mtukufu, kuna mamba."

"Mamba wa nchi hii wananijua."

"Mtukufu, na... na kiboko?"

"Nimemwona. Ana uso wa mama." Rais alivua kiatu kimoja, kisha cha pili, akavikabidhi kwa Waziri wa Ulinzi, aliyevipigia saluti.

Mheshimiwa Fungameza aliwaza haraka kuliko alivyowahi kuwaza tangu apewe udaktari wake. Akisema hakuna maji, ataulizwa daraja ni la nini. Akisema daraja ni la nini, ataulizwa ng'ambo iko wapi. Akasema kitu kimoja tu, sikioni mwa Injinia: "Labda mto utawahi." Kisha akafanya kile ambacho kiongozi hufanya akizidiwa. Akapiga makofi.

Wote wakapiga makofi. Mawaziri, maafisa, kwaya ya shule iliyoletwa kutoka ng'ambo kwa pasipoti, wote. Afisa Kilimo alilia. Rais alipanda ukingo wa chuma, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, shati likimfura kwa upepo, akainua mikono kuwapungia watu wake.

Chini, ndani ya kilindi, Somoe aliona kivuli cha Rais juu ya kitambaa. Alijua kilichokuwa chini ya kivuli kile: paa la jiko lao, mafiga, na sakafu iliyoshindiliwa na miguu ya mama yake hadi ikawa ngumu kama jiwe. Kupitia kipenyo cha mshono alimtazama Mkwinda kule nje. Mkwinda alikuwa ameuma filimbi, amefumba macho. Alimtazama mama yake, humo humo chini ya kitambaa. Bi Havijawa, mwanamke aliyekuwa na jibu la kila mtu, alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili, anamtazama binti yake kwa macho makubwa na kutikisa kichwa taratibu. Viazi, macho yale yalisema. Muda. Nyumba.

Rais alihesabu kwa sauti, kama wanavyohesabu watoto mtoni. "Moja!"

Mawimbi yakainuka.

"Mbili!"

Mawimbi yakashuka, na hayakuinuka tena. Watu chini ya kitambaa walikuwa wameacha kuwa maji, walikuwa wanajikunyata.

Somoe akasimama. Kitambaa kilimshuka kichwani, mabegani, kikaanguka miguuni pake na kuvuta kingine kilichoungwa nacho, na kile kikavuta kingine, mpaka mto wote ukateleza kutoka kwenye mapaa, ukaacha makuti wazi, na moshi wa jiko, na mbuzi. Makofi yalikatika. Nyuso zote juu ya daraja zilikuwa zikimtazama yeye, yeye ambaye jicho moja tu lilitosha kumfanya asahau jina lake.

 Alifungua mdomo, na neno lililokuwa likifika kooni na kurudi, tangu siku ya X, tangu siku ya Injinia, tangu siku daraja lilipoanza kumfunika jua, safari hii halikukuta njia ya kurudi. Sauti ilitoka nene kuliko alivyotarajia. Wengi walidhani ni ya mtu mwingine.

"Usiruke, baba! Huu si mto. Hapa ni kwetu."